Saluni ya Baba na Injini ya Mashine ya Posho

Sisi tuliokuwa watoto kabla lami haijafika huku kwetu kwenye majani chai, tulijua gari ni kitu cha kusukuma. Hawa wa siku hizi wanafikiri gari ni la kupanda. Ukiwaambia washuke wasukume, wanatafuta simu wampigie mtu aje awasukumie. Sisi tulisukuma lori la chai, tukasukuma trekta, tukasukuma hata Landrova ya meneja mzungu, na tulipigania ile nafasi ya nyuma kabisa, karibu na moshi, maana moshi wa petroli tuliupenda kama harufu ya chapati ya Krismasi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimekosea mahali, piteni tu.

Hiyo saluni, yaani gari dogo la kubeba watu, ilikuja kwetu miaka ya sitini ikielekea mwisho. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai, na mzungu mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia gari lake. Msifikiri ni mapenzi. Gari lilikuwa limeendeshwa bila oili mpaka chuma kimoja cha ndani kikakatika na kutoboa ubavu wa injini, na mkono wangu ulikuwa unapita kwenye hilo tundu. Baba alilivuta kwa ng'ombe mpaka nyumbani, akaliegesha karibu na ghala la mahindi, akasimama kando kama mtu aliyeoa.

Mama alilizunguka mara moja. "Sasa hii inakula nini?"

"Haili," baba akasema.

"Basi ndiyo maana imekufa."

Likakaa hapo. Kuku wakaanza kutaga kiti cha nyuma, na sisi watoto tukawa tunaendea mayai Nairobi, yaani tunaingia, mmoja anashika usukani, wengine wananguruma kwa midomo mpaka mate yanaisha, halafu tunarudi na mayai. Nimesafiri sana kwa lile gari kabla halijatembea. Mvua ya mawe ya alasiri ikitukuta humo ndani, mnajua ile ya Kericho inavyopiga mabati, tulikuwa tunakula viazi vya kuchoma na kusikiliza paa likilia, na upepo unaleta harufu ya chai inayokaushwa kiwandani. Lakini hiyo ni hadithi nyingine. Nilikuwa kwa gari.

Dada yangu mkubwa, Rael, akapata mchumba kutoka upande wa Fort Ternan, kule chini reli inakopita. Wazee wa huko wakaja kwetu kuongea mambo ya mahari. Mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ikanywewa, ng'ombe wakakubaliwa, mambo yakawa mazuri, mpaka baba akanogewa. Mjomba wa bwana harusi, mzee mmoja mrefu anaitwa Arap Chumo, alisema bibi harusi ataletwa kwa trela ya trekta, si baba yake ni mtu wa trekta. Watu wakacheka. Baba hakucheka.

"Msichana wangu atafika kwenu ndani ya saluni," akasema. "Amekaa kiti cha nyuma."

"Ile ya kuku?" Arap Chumo akauliza, maana alikuwa ameipita akiingia. "Baba Rael, ikifika kwangu na moto wake, nitakuita bwana mkubwa. Isipofika, nitakuita Baba Kuku mpaka nife, na nyinyi mnajua kwetu watu wanaishi sana."

Basi hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwetu, jina ukipewa na wakwe halitoki. Wajukuu wanalikuta.

Jirani yetu alikuwa Mkisii anaitwa Onchari, fundi wa mashine ya posho. Jiwe lake la kusagia lilikuwa limepasuka, injini ikabaki nzima bila kazi, ile ya dizeli yenye gurudumu kubwa la chuma pembeni, inayowashwa kwa kuzungusha hendeli mpaka mtu anakumbuka dhambi zake. Baba akamwomba. Onchari akaangalia saluni, akaangalia injini yake.

"Nyinyi Wakipsigis," akasema, "mnataka kumpa mbuzi moyo wa fahali."

"Utaweza au hutaweza?"

"Sijasema sitaweza. Nasema mbuzi atashangaa."

Wakafanya hiyo kazi msimu mzima. Injini ya zamani ilitolewa kwa minyororo na tawi la mti. Ile ya posho haikuenea, basi wakakata tundu katikati ya boneti, gurudumu likakaa nje nje, na wakaunganisha na giaboksi kwa mkanda wa ngozi. Kupoza kwake kulikuwa kwa sanduku la maji lililo wazi juu, yanachemka ukiyaona, na sisi tulitumbukiza mayai humo, tukala. Viti vilivyoliwa na panya vilishonwa upya kwa magunia na kujazwa nyasi kavu. Rangi ilikuwa kijani, iliyobaki walipopaka milango ya nyumba na vyoo vya wafanyakazi, kwa hivyo gari letu na vile vyoo vilikuwa ndugu.

Siku ya kulijaribu barabarani lilinguruma tuku-tuku-tuku, na wamama wa ng'ambo ya mto wakasikia. Wakatoka na madebe ya mahindi kichwani, wakatufuata. Wakasema Onchari ameanza kusaga tena, mbona anatembea? Mmoja alitukana. Alikuwa amebeba kutoka mbali.

Siku ya harusi ikafika. Baada ya kanisa, tukaingia: baba kwa usukani, Onchari kando yake na hendeli mapajani, Rael nyuma na shela, na mimi pembeni yake na debe la maji, maana kila kona ilitaka maji. Mchungaji na wengine wote walikuwa nyuma kwa trela ya trekta, wakila vumbi letu. Kwenda Fort Ternan ni kuteremka, Mungu alitusaidia hapo. Njia yote Rael alikuwa ameshika mkono wangu mpaka vidole vyangu vikafa.

Sasa boma la kina bwana harusi liko juu ya kakilima kadogo. Tunaliona lango, tunaona watu wamejaa, tunaona Arap Chumo na kofia yake. Hapo hapo injini ikakohoa, ikazima.

Nilimwona baba shingo. Ililowa jasho.

Lakini huko kwa lango mwanamke mmoja akapaza sauti, "Amesimama! Amekataa kuingia!" Na wote wakapiga vigelegele.

Mnajua desturi yetu. Bibi harusi wa zamani haingii tu kama anaingia dukani. Anasimama njiani, haongei, mpaka wenye boma wamwahidi kitu. Mchungaji alikuwa ametukataza hayo mambo, lakini mchungaji alikuwa bado huko nyuma kwenye vumbi.

Mama mkwe akaja dirishani. "Binti yangu, nimekupa mbuzi. Ingia."

Onchari akashuka haraka, akapiga hendeli. Injini ikakubali, gari likaruka kidogo, likazima tena.

"Hajatosheka," watu wakasema, na walifurahi sana.

Baba alinong'ona bila kugeuka, "Rael, usicheke. Angalia chini." Rael akaangalia chini. Shela ilikuwa inatetemeka.

Akaongezwa kondoo. Gari likaruka, likazima. Watu wakaanza kumwangalia Arap Chumo, na yeye akawa anaangalia milima. Mwishowe akasema, "Basi, ndama wangu mweusi. Huyu msichana ana shingo ngumu." Onchari akapiga hendeli mpaka akalala juu yake. Safari hii hata kukohoa, hapana.

"Ameshapewa," Arap Chumo akasema. "Sasa mbona haingii?"

Baba akafungua mlango polepole, akashuka, akafunga koti vizuri.

"Bibi harusi wa saluni," akasema, "akishapewa mali, wenye boma ndio humsukuma ndani. Huko kwenu hamjui?"

Mtu gani atasema mbele ya watu wake kwamba hajui? Arap Chumo akavua kofia, akampa mtoto ashike, akaweka mabega nyuma ya gari. "Bwana mkubwa," akasema, "rudi ndani ushike usukani." Na vijana wake wote wakaja, na tukaingia bomani tukiimbiwa.

Mnajua upande ule waliendelea hivyo miaka mingi? Gari la harusi likifika langoni, hata likiwa zima kabisa, dereva anazima, wenye boma wanasukuma. Wakisema ni desturi ya zamani.

Juzi tulimwoza mjukuu wa Rael huko huko. Magari meupe, yamefungwa riboni, hayana sauti hata ya paka. Nilikuwa nimejikokota mpaka langoni mapema. La kwanza lilipofika nikamwashiria dereva azime. Akateremsha kioo kidogo, baridi ikanipiga usoni.

"Kogo," akasema kwa heshima, yaani nyanya, "nikizima, hawa huku ndani watasikia joto."

Wakapita. Vioo vimepanda, bibi harusi anajipiga picha, na mimi nimesimama hapo langoni na mikono yangu miwili, niliyokuja nayo kusukuma.