Mbwa Niliyemfunga kwa Siku Mbili

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba. Sikusimuliwa na mtu. Nakwambia hivyo mapema kwa sababu hata mimi nilikuwa mtu wa kucheka nikisikia visa vya namna hii. Kanisani kwetu mama mmoja alipotoa ushuhuda wa paka aliyemsalimia kwa jina, nilicheka hadi mzee wa kanisa akanikazia macho. Siku hizi sicheki. Kaa hapo unisikilize.

Nina duka la dawa za mifugo mjini Kitale. Wateja wangu wengi ni watu wa ng'ombe na kuku, lakini wa mbwa na paka nao hawakosi, na wote huniita daktari ijapokuwa sikusomea udaktari. Jina hilo nimelipokea bila aibu, maana ushauri ninaotoa ni wa kweli. Mvua za Aprili zikianza, namwambia mtu anunue dawa ya kupe na ya minyoo kabla hajanunua kitu kingine. Januari jua likichoma, maji yawekwe kivulini, yabadilishwe asubuhi na jioni. Baridi ya Julai ikija, kibanda kiinuliwe kutoka ardhini na mbwa atandikiwe gunia kavu. Na mahindi yaliyoota ukungu usimsagie mbwa! Huku kwetu mtu mahindi yakimwozea ghalani husema, "Haya basi ni ya mbwa," halafu mbwa akifa husema jirani amemroga. Hilo nimelisema mpaka sauti ikanikauka.

Lakini mganga hajigangi. Nyumbani kwangu nilikuwa na mbwa anaitwa Bosi, wa rangi ya udongo, sikio moja limelala. Tangu watoto wangu waolewe tulibaki wawili tu. Mchana nilimfunga kwa mnyororo kwenye mti wa mparachichi, usiku nikamfungulia. Mtaani kwetu kila mtu hufanya hivyo. Tunaamini mbwa akizurura mchana atazoea watu, na usiku hatabweka hata mwizi akimkanyaga mkia. Bosi naye alikuwa na dhambi yake moja: akipata nafasi alichimba chini ya ua, akala vifaranga wa jirani yangu, Mama Njeri. Kwa ajili ya vifaranga hao, mimi na Mama Njeri tulikuwa hatujasalimiana tangu Pasaka.

Basi Julai moja, si zamani, baba yangu mdogo alifariki huko Kabuchai, Bungoma. Ijumaa asubuhi nilipika ugali mkubwa, nikautia kwenye sufuria kuukuu, nikajaza beseni maji. Nikamwambia Bosi, "Siku mbili tu, nitarudi." Nilimwacha kwenye mnyororo kwa sababu ya vile vifaranga. Nikafunga geti kwa kufuli, ufunguo nikautia kwenye kibeti. Kumwomba Mama Njeri amwangalie? Mimi? Heri ningemeza huo ufunguo.

Tulizika Jumamosi. Jumapili nikaanza kukunja nguo zangu, shangazi akaniuliza naenda wapi. Kwetu sisi Wabukusu, ndugu wa marehemu haondoki matangani kabla ya siku ya tatu, siku ya kunyolewa nywele. Nikamwambia nimeacha mbwa amefungwa.

"Ati mbwa?" akacheka, na wenzake wakacheka. "Baba yako amelala hapo kwa udongo mbichi, wewe unatuambia maneno ya mbwa? Si huyo ni mbwa tu, bana!"

Nikaona aibu, nikakaa. Jioni hiyo simu yangu ililia mara tatu, na mara zote tatu alikuwa Mama Njeri. Nikajua ni vifaranga tena. Nikaizima sauti, nikarudi kumenya ndizi. Ukitaka kunihukumu, anzia hapo.

Jumatatu tulinyolewa, tukala, nikaaga. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikata njia katikati ya mashamba ya miwa nitokee barabarani haraka, na sikuwa nimefika mbali mvua ya mawe ikaanza. Si ile ya kuchezea. Mawe yalipiga majani ya miwa yakayachana, na mimi kichwa kimenyolewa upya, kila jiwe likinipata nilihisi hadi kwenye meno. Nikaona nyumba ya mabati kando ya njia, mlango uko wazi. Nikakimbilia huko bila kubisha hodi.

Ndani kulikuwa na mzee mwembamba, amevaa koti la kahawia lililolowa. Alikuwa amesimama tu akitazama mlango, kama aliyekuwa ananisubiri.

"Kalibu, mama," akasema. "Keti. Hiyo mvua itakuumiza."

"Asante, baba. Wenyewe wako?"

"Walienda safali. Walisema ni siku mbili."

Nilikaa kwenye kigoda kando ya nguzo iliyosimama katikati ya chumba. Hapakuwa na dirisha wala kiti kingine. Mzee hakuketi. Alijikuna nyuma ya sikio kwa muda mrefu sana, kisha akainamisha kichwa upande mmoja, ananisikiliza ninavyopumua.

"Na kwako," akauliza, "nani amebaki?"

"Hakuna mtu," nikajibu. "Nimefunga geti."

Akarudi kutazama mlango. Mvua ilipopungua kidogo nikasimama nimshukuru niende zangu. Nilipiga hatua tatu. Ya nne haikuwezekana. Kitu kilinivuta shingoni kwa nyuma, nikarudi kinyumenyume hadi karibu na nguzo. Nikajipapasa shingo: hakuna kamba, hakuna kitu. Nikajaribu upande wa kushoto, hatua tatu, nikavutwa. Upande wa kulia, hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipotazama chini nikaona sakafu ya udongo imelika duara kamili kuizunguka ile nguzo. Na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya duara hilo.

Nilipiga kelele? Nilipiga, rafiki yangu. Niliita jina la Yesu, nikaita shangazi, nikaita kila mtu niliyemjua Kabuchai. Mlango ulikuwa wazi kabisa, miwa naiona kwa macho yangu, na siwezi kuufikia. Sijui kama unaelewa uchungu wa mlango ulio wazi. Afadhali ungefungwa. Nilitoa simu niliyoichaji asubuhi, nikakuta imekufa.

Mzee aliketi kizingitini, akanipa mgongo.

Sasa hapa hutaniamini, lakini nitasema vilevile. Giza liliingia, likatoka. Nilihesabu. Karibu na nguzo palikuwa na beseni la maji ya kijani, viluwiluwi vinacheza ndani, na sufuria yenye ugali mgumu ulioota ukungu. Mwanzoni niligeuza uso. Baadaye koo likakauka hadi ulimi ukawa kama ganda la hindi, nikapiga magoti nikanywa yale maji. Na ule ugali niliula. Mimi, ninayeitwa daktari, ninayewakataza watu ugali wa ukungu, niliula nikatafuta makombo kwa vidole. Usiku wa pili baridi ilitoka ardhini ikanipanda kwenye magoti, na nilikumbuka kwamba kibanda cha Bosi sikuwahi kukiinua kutoka ardhini. Kila Julai nilisema nitamwita fundi.

Nilichoka kulia. Kilichobaki kilikuwa kuzunguka. Ukikaa, baridi inakuingia, ukisimama, miguu inataka kwenda, basi unazunguka. Na kila nikisikia majani ya miwa yakigusana nje, moyo uliruka, nikafikiri watu wamekuja kunichukua. Hicho ndicho kilichonivunja kuliko njaa. Ni kule kuamini, kila mara, kwamba sasa wanakuja.

Mara ya pili mzee aliniuliza, bila kugeuka, "Nani amebaki kwako?"

"Hakuna mtu!" nikafoka. "Nimekwambia hakuna mtu!"

Nilihisi kile kitu shingoni kikikaza. Nilijaribu hatua, zilikuwa mbili sasa.

Sikujua nilivyokuwa mgumu wa kuelewa. Mzee akageuka, akanitazama, na koti lake likafunguka shingoni. Palikuwa na kovu limezunguka shingo yote, halina unywele hata mmoja, jekundu, na nyuma ya sikio lake kupe wamejaa, wakubwa kama punje za mahindi. Niliona kupe wa namna hiyo miaka yote ya kazi yangu, na kamwe sikuwaona kwenye mwili wa mtu. Macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Nani amebaki kwako?" akauliza mara ya tatu.

Nikaanguka chini. "Bosi," nikasema. "Ni mbwa wangu. Nimemfunga kwa mnyororo, na ufunguo wa geti niko nao hapa."

"Ulimwambia siku ngapi?"

"Mbili."

"Na leo ni ya ngapi?"

Nikamwonyesha vidole vinne. Nilikuwa nalia kama mtoto, na sikuwa nalia kwa ajili yangu tena.

Alinijia polepole, akainama, akanusa kiganja changu. Kisha akasogea pembeni ya mlango.

"Enda," akasema. "Yeye bado anasikiliza njia."

Nilipita hatua ya tatu, ya nne, ya tano, nikatoka nje. Na hapa ndipo ngozi inanisisimka hadi leo: mawe ya ile mvua yalikuwa bado meupe chini, hayajayeyuka. Nilikutana na mwanamke aliyekuwa anafunga matita ya kuni zilizolowa, nikamuuliza saa. Ilikuwa saa tisa na nusu, Jumatatu ile ile. Nilipogeuka kumwonyesha nyumba nilikotoka, niliona miwa tu.

Sikurudi nyuma kuchunguza. Nilikimbia hadi barabarani, na jua lilikuwa linatua nilipofika kwangu Kitale. Mama Njeri alikuwa amesimama kwenye geti langu na bakuli mkononi.

"Nimekupigia simu mara tatu!" alinipokea hivyo. "Huyu mnyama amelia mpaka ameishiwa sauti. Si ungeniambia tu, mama? Hata kama tumekosana, ningekataa?"

Nilifungua kufuli, tukaingia wote wawili. Mnyororo ulikuwa umejizungusha kwenye mparachichi hadi ukabaki urefu wa mkono. Beseni lilikuwa limepinduka. Mama Njeri alikuwa amerusha chapati na mifupa juu ya ua siku mbili nzima, na vingi vilianguka mbali kidogo tu na pale Bosi alipoweza kufika. Ulimi wake ulikuwa umelamba udongo ukawa laini. Vichache vilivyomfikia ndivyo vilivyomweka hai. Chini ya mkanda wake shingo ilikuwa imechubuka, nyekundu.

Bosi aliinua kichwa akaniona. Akatikisa mkia.

Afadhali angeniuma. Nakuapia, afadhali angenirukia akanitoa nyama. Nilikaa kwenye tope nikamkumbatia, nikamwomba msamaha mbele ya Mama Njeri, na Mama Njeri naye akafuta macho kwa leso akijifanya ni moshi.

Alipona. Nilimpa maji ya sukari na chumvi kidogo kidogo, uji mwepesi, dawa ya kidonda. Mnyororo niliutupa kwenye choo cha shimo. Ua niliuzibia kwa mawe chini, kazi ya siku moja tu ambayo ningepaswa kuifanya miaka iliyopita, na vifaranga wa Mama Njeri sasa wanakua hadi wanakuwa majogoo. Lakini nikuambie kitu. Bosi yuko huru, ana uwanja mzima, na bado anazunguka ule mparachichi. Hatua zile zile. Akifika pale mnyororo ulipoishia, anasimama, anarudi. Nimemwita kwa nyama, anakuja hadi hapo na kuinua mguu, halafu anaushusha.

Nami siwezi kumcheka. Usiku nikilala mlango umefungwa naamka nimejishika shingo. Kitambaa cha shingoni sivai, hata cha kwaya. Wenzangu wa kwaya wanadhani najivuna.

Baadaye nilimuuliza shangazi kwa simu kuhusu ile nyumba. Akasema zamani palikuwa na boma hapo, watu wakahamia mjini, wakaacha mbwa alinde mpaka watakaporudi kuchukua vyombo. Walisema siku mbili. Nyumba ilianguka, miwa ikapandwa, lakini kuna nguzo moja ambayo wakulima wanailimia pembeni kwa sababu kila wakiing'oa hurudi. "Kwa nini unauliza?" akasema. Nikamwambia nimeuliza tu.

Siku hizi mtu akija dukani kwangu kununua mnyororo, namuuliza kwanza kama anasafiri. Wengine hukasirika, wengine huenda duka la jirani, na waende. Wewe lakini umenisikiliza hadi hapa. Baridi ya Julai ikija, inua kibanda, tandika gunia kavu, badilisha maji. Na kabla hujafunga geti uende arusi au matanga, mpe jirani ufunguo, hata yule mliyekosana naye, yule hasa. Kwa maana iko siku mvua itakunyeshea njiani, utaona mlango wazi, na mzee mpole atakuuliza nani amebaki kwako. Mjibu ukweli mara ya kwanza.