Kidirisha cha Hodan kilingoja, mimi nikaenda kunywa chai

Wallahi leo nimemwaibisha mtoto wa kaka yangu mbele ya wafanyabiashara wa mifugo, hapa Garissa.

Hodan ametengeneza programu ya kompyuta ya kuandikisha mbuzi wanaopakiwa kwenye lori. Leo walikuja kuijaribu, waamue kama wataichukua.

Zamani vidirisha vyake vya maswali vilitokea na kupotea kabla sijasoma. Nikamchokoza: "Unauliza halafu unakimbia?"

Akarekebisha. Sasa kidirisha kikitokea, programu yote inasimama mpaka mtu ajibu.

Asubuhi nachezea kompyuta, kikatokea: "Mbuzi hawa watasafiri kesho?" Chini kuna Ndiyo na Hapana tu.

Jamani, kesho ni ya Mungu! Nijibu bila inshallah? Nimeitafuta inshallah, hakuna.

Nikakisukuma pembeni kabisa mwa skrini, kikabaki ncha tu, kisinitazame. Nikaenda kunywa chai.

Kurudi, wafanyabiashara wameshafika, Hodan anabonyeza, programu haisogei. Jasho linamtoka.

Mmoja wao, mzee wa Elwak, akasema, "Msichana, hii imekufa. Sisi tutabaki na daftari letu."

Hodan akaomba radhi. Mimi, mdomo huu mnaoujua, nikanyamaza! Nikajifanya natafuta bakora, na iko mkononi.

Walipoondoka akaniambia mimi ami yake, "Adeer, sijui nimekosea wapi."

Nikakivuta kidirisha kutoka pembeni.

Alikitazama. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nimekula.

Afadhali angenifokea.

Mnaowajua wafanyabiashara wale, waambieni warudi kesho, inshallah. Kibovu ni kizee hiki, programu ni nzima.