Nyungu ya Nguruwe wa Makwale

Atupele wa Makwale hajawahi kushindwa na ugonjwa, na asiyeamini amuulize mwenyewe. Atajibiwa kabla hajamaliza swali. Mafua yalipomshika, hakulala. Alikwenda bandani, akawapa nguruwe pumba za mpunga, akamkumbatia jike lake Shangazi, mwenye mimba kubwa, akampigia chafya puani.

Siku chache baadaye Shangazi akaanza kukohoa kama mzee wa kanisa anayedai kipaza sauti. Chakula hataki, mwili unawaka.

"Mafua tu," Atupele akamwambia mumewe, Lameck. "Mimi nilijifukiza nikapona."

"Umepona? Mbona unakohoa?"

"Hiki kikohozi kinaaga."

Akainjika chungu cha udongo cha wafinyanzi wa Ikombe, akakijaza majani ya mlimao na mkaratusi. Kwa kuwa yeye hafanyi kazi nusunusu, akawasukuma nguruwe wote, wagonjwa na wazima, chini ya turubai moja. Makelele yaliyotoka humo, kwaya ya mtaa haijawahi kuyafikia.

Haukupita muda, banda zima likawa linakohoa. Shangazi akalala ubavu, anahemea tumboni. Mimba ile ilikuwa ya kwanza kushika baada ya kuhangaika sana. Atupele akampigia simu ofisa mifugo, Restituta.

Restituta akapima joto, akachukua kamasi za kupeleka maabara.

"Mama, nani alianza kukohoa hapa?"

Lameck akatazama migomba.

"Mimi," Atupele akasema, kwa fahari kidogo.

"Basi inaelekea umewaambukiza. Virusi vya mafua hutoka kwa mtu vikaingia kwa nguruwe kwa chafya na kamasi, vikachubua njia ya hewa mpaka mapafuni. Halafu ukawafunika wavutiane pumzi! Homa ikizidi, mimba inatoka. Hewa ipite, maji yasikauke, wagonjwa watengwe. Na wewe usikanyage bandani mpaka upone."

Atupele akaweka kigoda migombani, akatawala kutokea huko.

"Lameck! Maji! Ndoo inabebwa hivyo, mwanaume?"

Majibu yalipotoka, yalikuwa mafua kweli, siyo ile homa ya nguruwe inayofagia banda zima. Joto likashuka. Asubuhi moja Lameck akapiga kelele bandani, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Watoto wametoka! Wananyonya!"

Atupele akakimbia hadi kwenye uzio. Mkono tayari umeshika mlango, koo likamwasha. Akasimama. Akajiziba kwa kanga, akarudi nyuma, akaikohoa migomba.

"Ndaga fijo, Lameck," akamshukuru kwa Kinyakyusa, kwa sauti ndogo.

"Unasemaje? Sijasikia!"

"Kama hukusikia, basi. Wape maji."