Chuma cha Moto Kisichochoma Kitu

Saa moja asubuhi, kabla hata ya kufagia, Fundi anachomeka chuma cha kulehemu kwenye umeme. Anakiweka mezani mbele kabisa, mahali ambapo mteja akiingia hawezi kukosa kukiona. Kikishapata moto anakigusisha kipande cha lehemu, moshi mwembamba unapanda, harufu inajaa chumba. Kisha anakiacha hapo hapo na kuingia nyuma ya pazia kufanya kazi.

Chuma hicho hakichomi kitu. Kipo kwa ajili ya macho ya watu.

"Wifi, leo unapika nini humo?" anauliza dada wa mumewe, anayeuza chaja na betri upande wa mlangoni. Ndiye pekee anayeijua siri hiyo, na hachoki kuichokoza.

Fundi, mama huyu wa nyuma ya pazia, anatengeneza waya fupi za kuunganisha pedali za gitaa, vile visanduku anavyokanyaga mpiga gitaa ili abadilishe sauti. Waya wenyewe hauzidi urefu wa kiganja, lakini usione udogo wake: mmoja ukigoma, ubao mzima wa pedali unakuwa bubu.

Nyuma ya pazia anakata waya kwa wembe, mkato ulionyooka. Anausukuma ndani ya plagi mpaka ugote, anashika bisibisi ndogo na kukaza skrubu. Humo ndani kuna sindano inayotoboa ganda na kuigusa shaba ya katikati. Anapima kwa mita, mita inalia, kazi imekwisha. Hakuna moto wala tone la lehemu.

Kuna ubaya gani hapo? Kwa mtu mwingine, hakuna. Kwake yeye ni aibu tupu.

Kazi alifundishwa na marehemu baba yake, kwenye meza hii hii. Mzee huyo alikuwa mkali, na mtu asiyeshika chuma cha moto hakumhesabu kuwa fundi. Binti akashika, akashika kweli. Wanamuziki walikuwa wakifungua plagi zake kutazama tu jinsi lehemu ilivyokaa, laini, bila kinundu. Sifa zilimwingia, na mwenyewe hakatai.

Halafu mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Alijikaza kisabuni, akaunguza waya, akaunguza vidole, akaharibu redio ya watu. Muuza vipuri ndiye aliyemwonyesha plagi za skrubu.

"Nilimcheka," anasema. "Nikamwambia huu ni mchezo wa watoto. Kesho yake nikarudi kuzinunua, nikazificha chini ya mkoba kama nimeiba."

Wa kwanza kuuziwa alikuwa mzee mmoja wanayemwita Solo, mpiga gitaa, mteja wa duka tangu enzi za baba yake. Solo aliugeuzageuza ule waya akauliza kama ameulehemu mwenyewe. Fundi akamjibu, kwani kuna nani mwingine hapa? Uongo wenyewe ni huo, mfupi hivyo.

Ikaja harusi ya binti yake Solo. Mzee alikuwa amemtungia wimbo, na ameutunga juu ya pedali inayorudia kile alichokipiga, ili mtu mmoja asikike kama wawili. Bila pedali hiyo ulikuwa nusu wimbo. Bibi harusi akasimama katikati ya ukumbi, baba akaanza, ubeti wa kwanza ukapita vizuri. Wa pili, kimya.

Skrubu moja ilikuwa imelegea kwa mtikisiko wa njiani. Ilitaka kukazwa, basi.

Lakini Solo angejuaje? Yeye alijua waya zake zimelehemiwa, na hutembea na chuma chake kidogo kwenye begi. Akajibanza nyuma ya spika, akafungua plagi, akaona waya umechomoka, akaamini kiungo kimeachia. Akamwagia lehemu gizani, ganda likayeyuka, plagi ikaharibika moja kwa moja. Watu walingoja, wakaanza kukohoa, mwisho mshereheshaji akawasha muziki wa kwenye simu. Bibi harusi akarudi kuketi.

Siku chache baadaye mzee alikuja dukani kuomba radhi. Ndiyo, yeye. Alisema ameichoma kazi nzuri ya watu kwa mikono yake mwenyewe.

"Nikamwambia usijali baba, yamekwisha," Fundi anasimulia, macho yakiwa sakafuni. "Yaani mimi ndiye niliyemsamehe. Nilitamani ardhi ipasuke."

Tangu hapo wapiga gitaa hawaishi kumsifu, naye sifa hazimshuki kooni. Usingizi wa mang'amung'amu, chakula hakina ladha. Jana ndipo akaletewa salamu zilizommaliza kabisa: Solo anauza ubao wake wa pedali. Atapita leo, Fundi achomoe waya zake, maana mnunuzi anataka pedali peke yake. Anasema amezeeka, gitaa basi.

Saa nne mzee anaingia, ubao kwapani. Anavuta pumzi na kusema harufu ya duka hili inamkumbusha marehemu. Wifi anajifanya kupanga chaja.

Fundi alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri. Anayaacha. Anachofanya ni kulivuta pazia, kulivua kabisa kwenye kamba yake, na kumsogezea mzee kiti kando ya meza ya ndani.

"Baba, keti. Tengeneza mmoja."

Solo anadhani ni utani. Anapewa wembe, anakata. Anasukuma waya kwenye plagi, anakaza skrubu anavyoelekezwa, kisha anaukunjua mkono akingoja chuma.

"Bado kulehemu," anasema.

"Umemaliza, baba."

Mita inalia. Mzee anaitazama plagi, anageuka kukitazama chuma kinachofuka moshi pale mbele, anaitazama plagi tena. Fundi anamwambia kile ni cha kuwaonyesha wateja.

"Kwa hiyo siku ile," Solo anasema polepole, "ilitaka bisibisi tu?"

"Ilitaka bisibisi tu."

Nje mtu anauliza bei ya betri na hapati jibu.

"Binti yangu aliniuliza, baba, mikono imechoka?" mzee anasema. "Nikamwambia imechoka."

Fundi anaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, chini ya taa, bila kuuzuia. Unatetemeka.

"Uliochoka ni huu," anasema. "Yako mizima. Nisamehe."

Solo hasemi amesamehe. Anaufunika ule mkono kwa kiganja chake kwa muda, kama mtu anayesitisha kitu kinachovuma, kisha anasimama. Anaubeba ubao wake na waya zake zote, anaitia bisibisi ndogo mfukoni mwa shati, na kuondoka bila kutania kama ilivyo kawaida yake. Suala la kuuza haligusii tena.

Fundi anakwenda mezani na kukichomoa chuma. Anasema pazia halirudi, na kuanzia sasa kila pakiti ya waya itatoka na bisibisi yake, pamoja na maelezo ya mdomo kwamba ni za skrubu, hazilehemiwi. Atakayemwona si fundi, na amwone hivyo.

Limebaki moja. Bado kuna bibi harusi mmoja anayeamini baba yake amechoka mikono.

"Nangoja mzee aniite nikamweleze binti yake mimi mwenyewe," anasema, akipangusa meza ambayo tayari ni safi. "Asiponiita, Jumapili nitakwenda hivyo hivyo."