Pua ya Yosefu

Miaka ile ya vita, hapa Bujumbura, mtu alisomwa pua kabla ya kuulizwa kitambulisho. Ndefu, wewe ni wa upande huu. Pana, wewe ni wa upande ule. Upuuzi mtupu, na watu walikufa kwa upuuzi huo.

Baba aliondoka mtaani kwetu Kanyosha asubuhi kwenda Gatumba, mpakani, kununua vitenge. Hakurudi. Baadaye nyumba yetu ikachomwa, pamoja na picha zake zote. Mama hakulia mbele yangu, wala hakukubali kuitwa mjane. "Amechelewa tu," alisema.

Yeye ndiye aliyefinyanga sanamu za pango la Noeli pale parokiani: Maria, Yosefu, wachungaji, na kondoo ambao siku zote walifanana na mbwa. Mwaka ule za zamani zilikuwa zimevunjwa, akaombwa afinyange upya. Alianza na Yosefu. Nilimwona akifumba macho, vidole vikipapasa udongo, kisha akaifinya pua na kuipinda kidogo kushoto. Baba alianguka na baiskeli ujanani, pua yake ikabaki hivyo. Nikajua anamfinyanga nani.

Kwenda milimani kutafuta kuni za kuchomea udongo ilikuwa kutafuta kifo, kwa hiyo jirani yetu Mwislamu, mwoka mikate, akatuokea sanamu katika tanuri lake. Alipomtoa Yosefu akashtuka.

"Subhanallah! Mama, huyu si bwana yako?"

"Ni Yosefu."

"Haya. Basi Yosefu tumemukosa sana hapa mutaani."

Parokiani kila mwamba ngoma akavutia kwake. Hawa wakasema pua ile ni ya wale. Wale wakasema Mama anawadhihaki. Mwenyekiti wa kamati, mtu mpole aliyeogopa kila kitu, akaja nyumbani.

"Mama, uipunguze kidogo tu. Iwe pua ya katikati."

"Pua ya katikati ni ya nani, Muzee?"

"Si ya mutu yeyote."

"Basi apana. Mungu alipomufinyanga Adamu hakuitisha kamati."

Nilicheka, Mama akanikata jicho. Yeye hakuwa anatania. Pua ile ingepunguzwa, uso wa Baba usingebaki popote duniani.

Kamati ikapata akili: ikamweka Yosefu ameelekea ukutani. Misa ya mkesha ilisomwa mchana, kwa sababu usiku hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Baada ya komunyo Mama aliinuka, akapita mbele ya watu wote, akamgeuza Yosefu, akarudi kuketi. Hakuna aliyethubutu kumgeuza tena. Wakati wa kutoka, mjane mmoja wa upande ule alipita pangoni akaigusa pua. Kesho yake akaja mwingine, wa upande huu. Kila Noeli wakaongezeka, ikawa desturi. Mimi niliwachukia, nisiseme uongo. Baba ni wangu, wao wanagusa nini? Mama aliwatazama tu kutoka kwenye benchi lake. Yeye hakuigusa hata mara moja.

Lakini tanuri la mikate halina moto wa kuivisha udongo sawasawa. Vita vilipokaribia kwisha, pua ilikuwa imelika yote, uso umebaki laini kama kipande cha sabuni. Hatimaye kamati ikapata pua yake ya katikati.

Nikamleta Yosefu nyumbani, na udongo mbichi. "Mama, umurudishie pua yake."

Akalowesha vidole, akafumba macho kama zamani. Nikangoja. Vidole havikushuka.

"Ilipinda kushoto," nikamwambia.

"Ninajua. Mikono ndiyo imesahau."

Akalia, mara ya kwanza mbele yangu, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Nilikaa karibu naye. Alipomaliza akanawa udongo wote mikononi, akanyoosha kidole, akagusa pale pua ilipokuwa, kama wajane wengine.