Ndururu mbili zenye H iliyogongwa mara mbili: moja Silanga, nyingine Riruta, wakati wa vurugu

Niaje wakuu. Hii story nimekaa nayo miaka mingi nikidhani itawachosha wasiojali pesa za zamani. Binti yangu ndiye amenisukuma niandike. Ni mambo yaliyonipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa nguo, Mkamba wa Machakos. Wakati ule nilikuwa nakaa Silanga, Kibera.

Ugonjwa wangu ni sarafu. Hasa ndururu, ile five cents ya mkoloni yenye shimo katikati na pembe za ndovu. Nilikuwa nazitafuta Soko la Toi kwa mzee mmoja aliyeuza vyuma kuukuu.

Hapo ndipo nilijuana na Baba Akinyi. Mjaluo, fundi wa saa, kibanda chake kilikuwa Kawangware. Alinipa lenzi yake ya zamani, ile ya kubana kwa jicho, akanifundisha kuangalia mint mark, yaani kiherufi kinachoonyesha sarafu ilitoka kiwanda gani.

Sasa, kabla tu ya kura ya 2007, nikapata ndururu moja yenye H ya ajabu. Ukiweka lenzi unaona mguu mwingine umechungulia nyuma ya mguu wa H.

Kwa wale hawajui: zamani hiyo herufi iligongwa kwa mkono kwenye chuma kinachochapa sarafu. Ikiingia vibaya, fundi anagonga tena, na ile ya kwanza inabaki kama kivuli. Hiyo ndiyo repunched mint mark.

Lakini mashine pia inaweza kutikisika wakati wa kuchapa, sarafu itoke na kivuli chake. Hiyo ni ajali tu, haina maana.

Baba Akinyi aliiangalia akanirudishia. "Mama Mwende, hapa mashine ilitikisika."

Nikakataa katakata. Tulibishana mpaka muuza vyuma akatuambia tusimame kando, tunamzibia wateja.

Ubishi ulikuwa na dawa moja. Kama kosa lilikuwa kwenye chuma, basi kila ndururu iliyochapwa na chuma hicho lazima iwe na kivuli kile kile, mahali pale pale. Tulihitaji ya pili.

Halafu kura ikapigwa, na mnajua kilichofuata: matokeo yakabishaniwa, makabila yakageukiana.

Toi iliungua. Silanga, baadhi ya majirani waliacha kunisalimia, eti Wakamba wamehamia upande wa serikali. Nilifungia cherehani ndani nikakaa na binti yangu Mwende. Binamu yangu akanishauri nifute namba za Wajaluo wote kwa simu.

Sikufuta. Nilimpigia Baba Akinyi.

Simu ilishikwa na bibi yake, Mama Akinyi. Wametolewa Kawangware, kibanda kimevunjwa, wako ndani ya kanisa moja Riruta na familia zingine.

"Tuko hai," Mama Akinyi akasema. "Lakini huyu mzee haongei. Chakula hagusi. Amekaa tu na mkebe wake wa pesa kwa magoti."

"Nipe yeye."

Wakuu, sikujua nitamwambia nini. Pole alikuwa ameshasikia za kutosha. Kwa hivyo nikamuuliza, "Baba Akinyi, kwa huo mkebe kuna ndururu za H?"

Nikasikia sarafu zikigongana ndani ya mkebe.

"Ziko."

"Basi tafuta ya mwaka wa yangu, tumalize ule ubishi. Ama umekubali nimekushinda?"

Akasema polepole, "Mimi nishindwe na fundi wa nguo?"

Credit ya simu ilikuwa shida siku hizo, hata ukiwa na pesa huipati. Alikuwa anani-flash, yaani anapiga na kukata, mimi napiga. Jibu lake lilikuwa lile lile: bado. Nyingi zilikuwa zimechakaa, zingine H ni safi. Lakini Mama Akinyi aliniambia ameanza kula, na anakaa dirishani kwenye mwanga, akiwaonyesha wenzake vile lenzi inashikwa. Wengine walikuwa wanamsaidia kuzipanga kwa miaka.

Asubuhi moja haku-flash. Alipiga.

"Shika yako," akasema. "Usiniambie kitu, mimi ndio nitasema. Kivuli kiko mguu wa kushoto, upande wa nje, kimeshuka kidogo. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa toka kwa H, enda hadi ukingo. Kuna ufa mwembamba kama unywele?"

Huo ufa sikuwa nimewahi kuuona. Nikafungua mlango, nikasimama kwenye jua na lenzi. Ulikuwepo. Chuma cha kuchapa kilikuwa kimepasuka, na mpasuko wake ukaacha mstari ule ule kwa ndururu zote mbili.

Nikakaa pale kizingitini.

"Mama Mwende, nilikosea," akasema. "Mashine haikutikisika."

Nyuma yake nilisikia watu wa kanisani wakipiga makofi. Wengi hawakuelewa H ni ya nini, lakini mzee wao walikuwa wanamuelewa.

Viongozi walipokubaliana na njia zikatulia, nilimchukua Mwende tukaenda Riruta kwa miguu. Tuliweka ndururu zetu kwenye benchi, bega kwa bega. Kivuli kile kile, ufa ule ule. Lenzi ikazunguka kanisa zima.

Mama Akinyi aliangalia kuliko wote. Alipoinua kichwa akasema, "Kumbe haka ndiko kamenirudishia bwana."

Baadaye rafiki yetu mwingine alipata ya tatu Kitui, na hiyo ufa wake umerefuka, maana chuma kilizidi kupasuka. Hakuna mtu ametubishia tena.

Nilichojifunza ni hiki: ukiona herufi yenye kivuli, usishangilie wala usiitupe. Tafuta ya pili, linganisha kivuli, kisha tafuta ufa ama alama nyingine ya kuunga mkono. Na tafadhali usisugue sarafu na mchanga, unafuta ushahidi wote.

La pili, mtu aliyepoteza kila kitu wakati mwingine hahitaji pole yako. Mpe kazi anayoijua.

Haya, pekueni mikebe ya pesa za nyanya zenu mniwekee picha hapa. Na kama ulikuwa Kibera ama Kawangware wakati ule, niambie ni namba ya nani ulikataa kufuta.