Niliyeshukuru kwa Jua

Khaemba alinioa kwa ng'ombe, kwetu Bungoma, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Alipopata kazi ya reli nikamfuata Nakuru. Nilimpikia katika chumba kimoja cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na mtoto wetu wa pekee tukamzika hapa hapa. Mwaka wa hamsini na tano akaoa msichana aliyesoma, Zeddy, kwa pete, kanisani. Wazee wa kanisa walisema ndoa ya ng'ombe hawaitambui. Basi mke akawa Zeddy. Siku ya harusi nilikataa kumpa mkono, wakaninyima meza ya Bwana.

Sikulia. Watu walingoja nilie, wakachoka.

Nilienda kuchuma pareto katika shamba la mzungu juu ya mji, upande wa Mau. Chakula hakikuwa na ladha. Mtu akinisalimia, mdomo uliitikia wenyewe. Asubuhi maua yana umande na vidole vinakufa ganzi. Halafu jua linatoka upande wa Bahati, linapanda mteremko polepole, linanishika mgongoni kama mkono wa mtu asiyetaka kitu kwangu. Hapo nilifurahi. Kidogo, lakini ilikuwa furaha, na sikuwa na nyingine. Nilisema, "Asante, Baba," nikaendelea kuchuma. Sala yangu ilikuwa hiyo tu.

Mzee Micah wa kanisa akaja kuniona kambini, tulikolala wachumaji.

"Dada Milcah, Jumapili ya mavuno utasimama. Useme umemsamehe Khaemba na umebariki nyumba yake. Tutakurudisha mezani."

"Na nisiposema?"

"Utabaki ulipo."

Meza hiyo niliitaka. Nimebatizwa, na sikuwa nimebakiwa na jamaa nyingine.

Jumapili hiyo niliketi karibu na Mama Odero, jirani yangu wa zamani wa landhi.

"Sema upesi, wewe," akaninong'oneza. "Kuku wangu yuko jikoni na mabinti zangu, na unawajua mabinti zangu."

Nilisimama. Khaemba akatazama viatu vyake. Zeddy alikuwa amepakata mtoto. Nikautafuta msamaha moyoni, sikuuona. Hata chuki sikuiona. Palikuwa patupu.

"Namshukuru Mungu kwa jua," nikasema. "Hulitoa kila asubuhi, na hajawahi kuniuliza mimi ni mke wa nani."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Amina!"

"Na Khaemba je, dada?" Mzee Micah akauliza.

"Sina neno juu ya Khaemba."

"Msamaha, dada. Ndio tunaongoja."

"Sijaupata, mzee. Nikisema ninao nitamdanganya Mungu nyumbani mwake. Lile la jua ni kweli, ndiyo sababu nimelisema."

Akasema niketi.

Sinia ya mkate wa meza ya Bwana ikaanza kuzunguka. Ilipofika kwetu, Mama Odero alichukua kipande chake, akasita, akanitazama. Mzee Micah alikuwa anaangalia. Mama Odero akanyoosha mkono mbele ya kifua changu, akampa sinia mwanamke wa upande wa pili. Harufu ya mkate ilinifikia.

"Nisamehe, mwenzangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Kula," nikamwambia.

Wimbo ulipoanzishwa, niliimba pamoja nao.